Banda la kuku Visiwani: jenga kwa ajili ya upepo

Hapa kwetu kuku hafi kwa baridi. Kinachomuua bandani ni joto la usiku, unyevu wa masika na utitiri, na vyote vitatu hupenda banda lililozibwa. Hata hivyo vibanda vingi vya uani, Unguja na Pemba, vimekandikwa udongo hadi juu na kuachiwa kitobo kimoja tu cha kupitia kuku, kwa kuogopa wezi na ngawa. Ukitaka kujua kama banda lako linapumua, nenda alfajiri kabla hujafungua, uingize kichwa. Ikiwa harufu inakuchoma macho, kuku wamelala ndani ya hewa hiyo usiku kucha, na mafua yao hayatakwisha kwa dawa yoyote.

Vipimo vinavyofuata ni vya mitetea 10 na jogoo 1 wa kienyeji wanaoachiwa mchana wakaparue. Banda la mita 2 kwa mita 1.5 linawatosha, maana mita mraba 1 hubeba kuku wanne hadi watano wa kulala tu. Ukitaka kuwafungia kutwa nzima, vipimo hivi havifai.

Likae magharibi ya nyumba. Kusi huja na upande wa kusini-mashariki, kaskazi huja na kaskazini-mashariki, kwa hiyo pepo zote mbili huichukua harufu na kuipeleka mbali na chumba cha kulala. Mwangalie tu jirani aliye nyuma yako, usije ukamhamishia yeye. Kisima kiwe mbali, si chini ya mita 15. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi: kuta mbili fupi ziwe nzima ili zizuie jua la asubuhi na la alasiri, na kuta mbili ndefu, za kaskazini na kusini, ziwe wavu ili upepo upite wa moja kwa moja. Ukuta wa kusini uuzibe kwa ubao sentimita 40 za chini, kisha juu yake utundike polo, yaani gunia, la kukunja. Mvua ya masika ikija na upepo, polo linateremshwa, ikikatika, linakunjwa. Polo linaloachwa limeteremka wiki nzima limekurudisha kwenye kibanda cha udongo.

Nguzo ni 6, za mvinje, kila moja mita 2.5: sentimita 50 ardhini, 75 chini ya sakafu, na zilizobaki ni ukuta. Boriti za mikoko ziache zilipo. Kuzikata bila kibali ni kosa, na mvinje unafanya kazi hiyo hiyo. Ncha za chini ziloweke oili chafu hadi sentimita 10 juu ya usawa wa ardhi, kwa sababu mchwa huingilia hapo hapo udongo unapokutana na hewa. Kwa walio maweni, Makunduchi au Micheweni, ambako mtaimbo unaruka, simamisha kila nguzo ndani ya debe la lita 20 lililojazwa zege, ulikalishe debe kwenye shimo fupi na kulibana kwa mawe.

Kila nguzo ivishe kofia ya bati mfano wa faneli iliyopinduliwa, sentimita 50 kutoka chini. Panya akipanda anakwama hapo. Kofia hizo hazina maana ikiwa ngazi ya kuku inabaki usiku, kwa hiyo ngazi iwe ya kuondoa. Wala usizungushie wavu chini ya sakafu, maana huo nao ni ngazi ya panya. Badala yake zoa mavi ya chini mara mbili kwa wiki, kwa sababu kuku wakiparua humo ndipo kuhara damu kunapozunguka. Mavi yenyewe yarundike kando yaoze, kisha yapeleke kwenye migomba.

Sakafu ni vipande vya mbao vya upana wa sentimita 5, vikiachana sentimita 2. Kwa urefu wa mita 2 utahitaji vipande 28 au 29 vya mita 1.5. Nafasi ikiwa ndogo zaidi, mavi hayaanguki. Ikizidi, mguu wa kuku unanasa. Misumari iwe iliyopakwa zinki, hasa karibu na bahari, ambako msumari wa kawaida hauchukui muda kuoza.

Paa ni suala ambalo watu hubishana nalo. Bati ni rahisi kusafisha lakini mchana linaoka, na joto hilo bado limo kuku wanapoingia magharibi. Makuti ni baridi, na kwa banda dogo ndiyo bora, kwa masharti mawili. La kwanza ni mwinuko: paa lipande kwa nyuzi 40 hivi, maana makuti yaliyolala huvuja na kuoza. Kwa mwinuko huo na upenu wa sentimita 50, mapao, yaani fito za kufungia makuti, yakiachana sentimita 15, utapata safu 11 za makuti kila upande, ukianza chini kwenda juu. La pili husahauliwa na wengi: chini ya kombamoyo, yaani miti ya paa, pitisha wavu. Ngawa hahangaiki na mlango ikiwa anaweza kufukua kuti.

Wavu wenyewe, ule mwembamba wa matundu ya pembe sita unamzuia kuku asitoke, haumzuii ngawa asiingie. Nunua mgumu wa matundu ya nusu inchi. Mlango uwe upande wa kaskazini, mpana kiasi cha mkono wako kufika kila kona, kwa kuwa kona usiyoifikia huisafishi. Komeo liwe na pini.

Fito za kulalia ni mbili, za mita 2, unene wa sentimita 5, zimelainishwa. Ziwe kimo kimoja, sentimita 45 juu ya sakafu. Ukizipanga kwa ngazi watapigania ya juu kila magharibi. Viota ni 3, kila kimoja sentimita 30 kwa 30, kwenye ukuta wa mashariki, kwa sababu wa magharibi hupata moto alasiri na koo anayeatamia huyaacha mayai. Viota viwe chini kuliko fito, la sivyo kuku watalala humo na mayai yatakuwa machafu.

Fito usizipigilie misumari, zikalie tu kwenye vikato. Sababu ni utitiri. Mchana hujificha katika nyufa, usiku hutoka kunyonya. Inua fito, tazama chini yake pale inapogusa ukuta: ukiona kama vumbi la kijivu lenye chembe nyekundu, likasuguliwa na kidole likaacha damu, ndio hao. Toa fito zote, paka ncha mafuta ya taa zianikwe juani zikauke, ziba nyufa kwa chokaa nzito, kisha rudia baada ya siku 7, maana mayai yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa. Kuku wanaoanza kulala mwembeni ghafla mara nyingi wanaukimbia utitiri.

Ugonjwa wa mdondo (Newcastle) banda haliuzuii. Chanjo ya tone la jicho, kila miezi mitatu, kwa kuku wasio wagonjwa tu. Vifaranga nao wakae chini ya tenga mwezi wao wa kwanza, kunguru wasiwabebe.

Banda likikamilika, wafungie humo siku 4 mfululizo na maji na chakula, walizoee. Siku ya tano wafungulie alasiri, saa moja kabla ya magharibi, wasipate muda wa kwenda mbali.