Maswali ya Wasomaji: Nadhiri na Viapo

SWALI: Mwanangu alipolazwa hali mbaya, niliomba nikasema, "Bwana, akipona, ndama wa ng'ombe wangu mwekundu ni wako." Amepona. Ndama sasa ni mtamba mzuri, na ada ya shule imenikaba. Nikitoa mbuzi wawili badala yake, nitakuwa nimeondoa nadhiri?
Msomaji, Njombe

JIBU: Tunamshukuru Mungu kwa uzima wa mtoto. Lakini kwa mbuzi, Maandiko yanakubana. Walawi 27:10 inakataza kumbadili mnyama wa sadaka aliyekwisha kuwekwa nadhiri, hata kama unatoa mwema kwa mbaya. Aliyembadili, wanyama wote wawili walihesabiwa kuwa watakatifu. Kwa hesabu hiyo ungekosa mtamba na mbuzi pia. Aliyekomboa mnyama najisi, tuseme punda, au nyumba aliyoiweka wakfu, alilipa thamani iliyokadiriwa na kuhani na kuongeza sehemu ya tano: cha shekeli 50 kilikombolewa kwa 60. Kubadili mawazo kulimwongezea mtu gharama, hakukumpunguzia. Nafuu imo katika mstari wa 8, kwa aliyeweka nadhiri ya nafsi ya mtu, yaani kumweka mtu wakfu kwa Bwana na kulipa fedha iliyokadiriwa kwa ajili yake, akashindwa shekeli hizo: kuhani alimkadiria upya kulingana na uwezo wake. Kuhani, si yeye mwenyewe.

Leo hatuna kuhani wa ukoo wa Haruni, ila neno lako lilisikiwa na Mungu yuleyule. Andika maneno uliyotamka, kama ulivyoyatamka. Hukusema "nitatoa kitu", ulimtaja ndama. Basi mpeleke, hata akipigwa mnada kama mazao ya mavuno. Ikiwa kweli hakuna njia nyingine ya kulipa ada, usijipunguzie kimyakimya. Mweleze mchungaji, mzee wa kanisa akiwepo, mpange tarehe, na iwe ya karibu: Kumbukumbu la Torati 23:21 inakataza kukawia. Wengi hawakatai kuondoa nadhiri. Huisogeza tu hadi mavuno yajayo, kisha yajayo tena.

SWALI: Tuligombania shamba na kaka yangu, nikaapa kwa jina la Mungu kwamba sitakanyaga kwake hadi nife. Sasa mama ni mgonjwa, na anauguzwa huko huko. Nikienda, si nitakuwa nimevunja kiapo?
Msomaji, Taita

JIBU: Nenda. Leo, kabla ya kumaliza gazeti hili. Kiapo cha kukutia hasara hutimizwa, ndivyo inavyosema Zaburi 15:4. Yoshua alidanganywa na Wagibeoni kwa mikate yenye koga na viriba vilivyochakaa, na bado hakuwaua kwa sababu ya kiapo. Kiapo cha kukutia dhambini ni kingine. Herode alishikilia chake kwa kuwaonea haya wageni mezani, na Yohana akakatwa kichwa. Daudi aliapa kuwaua wanaume wote wa nyumba ya Nabali. Abigaili, mke wa Nabali, akamwahi njiani na mikate 200, kondoo 5 waliokwisha kutengenezwa na vishada 100 vya zabibu kavu, na Daudi akamshukuru Mungu kwa kuzuiwa (1 Samweli 25). Na wale waliosema "Korbani", yaani mali hii imetolewa kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi, Yesu aliwaambia wanalitangua neno la Mungu (Marko 7). Chako kinafanana mno na hicho.

Lakini usipite kama hukuapa. Walawi 5:4-5 inamtaka aliyeapa ovyo aungame jambo lenyewe. Litaje mbele za Mungu, kisha mbele ya kaka yako: "Niliapa hivi, nilikosa." Shamba mtalizungumza siku nyingine, mkiwa na wazee.

SWALI: Mke wangu aliweka nadhiri ya kutoa cherehani yake, nikanyamaza. Mwezi umepita. Naweza kuibatilisha?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hata kwa kitabu cha Hesabu, sura ya 30, umechelewa. Mume alipewa siku ile aliyosikia. Akinyamaza mpaka kesho yake, nadhiri imethibitika, na akiitangua baadaye, uovu wa mke anaubeba yeye. Msaidie kuibeba cherehani.