Barua kwa mwanangu: ardhi, maji na jina la kwenye chupa

Mbukwa mwanangu,

Huku tu wazima. Mizabibu imeanza kuchanua, baba yako anakusalimu, na mbwa wako bado anafukuza nguruwe pori usiku kana kwamba analipwa.

Swali lako nimelipata. Unasema meneja wa hoteli unayemuuzia huko Arusha anataka tuandike jina la kijiji kwenye lebo, maana wageni wake wamezoea chupa za Ufaransa zinazotaja mahali badala ya aina ya zabibu, na kwamba yuko tayari kuongeza bei. Kisha ukaniuliza: "Mama, wewe umezunguka kwenye mashamba yao. Ni kweli ardhi inaonekana kwenye mvinyo, au ni maneno ya biashara tu?"

Ni kweli, mwanangu. Ila haiingii kwenye chupa kwa njia wanayoisimulia kwenye vipeperushi vyao, na ukishaijua njia yenyewe utaelewa kwa nini lebo yetu siigusi kwa sasa.

Wenzangu wa msafara walitaka tuanzie Bordeaux kwenye majumba makubwa ya watengenezaji wa mvinyo. Mimi nikaomba tuanzie mto Loire, kwa kuwa Chenin, hii zabibu nyeupe tunayolima hapa Dodoma, kwao ni huko, na nilitaka kuiona kwa wazazi wake. Tulifikia Vouvray, karibu na mji wa Tours. Kijiji kimeegemea mwamba wa chokaa nyeupe, laini, unaokatika kirahisi. Mawe ya namna hiyo ndiyo yaliyojengea majumba mengi ya wakubwa wa zamani kando ya mto, na mapango yaliyoachwa na wachimbaji yakageuzwa maghala ya mvinyo. Ndani ni nyuzi 12 hivi, kiangazi na wakati wa baridi. Hakuna mashine, hakuna bili ya umeme. Nilikumbuka bili yetu nikanyamaza.

Chenin ya kule inachelewa kuiva, mara nyingine wanavuna mpaka Novemba, na wanapita shamba lilelile zaidi ya mara moja kuchuma vishada vilivyo tayari. Mwaka wa baridi wanatengeneza mvinyo wa mapovu, mwaka wa jua wanapata mtamu, na katikati wanapata mkavu, yaani usio na utamu. Katika yote hayo kuna ukali wa asidi unaoshika ulimi mpaka mwisho. Ukali huo ndio unaofanya chupa ikae miaka mingi bila kuharibika. Yetu hapa, jua linautafuna ukali huo zikiwa bado mtini.

Kisha tukashuka na mto, zaidi ya kilomita 100, hadi Savennières karibu na Angers. Zabibu ni ileile, mto ni uleule, lakini mwamba ni wa tabaka nyeusi zinazomeguka kama vigae, na udongo juu yake ni kiduchu. Mvinyo wake ni mkavu na mgumu, wala haukukaribishi. Unahitaji miaka kabla haujalegea. Mwenzangu mmoja akasema, haya, ushahidi ndio huo. Mimi sikukubali moja kwa moja. Savennières iko karibu zaidi na bahari, upepo wake ni mwingine, na watengenezaji wa huko wana mazoea yao. Ukitaka kuijaribu ardhi, yafaa mengine yote yabaki sawa.

Mahali palipokaribia zaidi kunipa hilo ni Burgundy, mashariki mwa Ufaransa, ndani ya ukuta mmoja. Shamba linaitwa Clos de Vougeot, lina hekta 50 hivi. Watawa wa monasteri ya Cîteaux walianza kulikusanya kipande kwa kipande katika karne ya 12, kisha wakalizungushia ukuta wa mawe ambao umesimama mpaka leo. Yalipokuja Mapinduzi ya Ufaransa watawa wakanyang'anywa, shamba likauzwa, na baadaye likagawanywa. Sheria yao ya mirathi inawapa watoto wote haki sawa, kwa hiyo kila kizazi kinakatakata. Leo lina wamiliki wapatao 80. Kuna mtu ana mistari michache tu ya mizabibu, na anajitambulisha kama mwenye Clos de Vougeot bila aibu yoyote. Ungemsikia babu yako angecheka, yeye aliyegawa shamba lake la ekari chache kwa watoto wote akaambiwa ameliua.

Nilitembea humo kuanzia juu hadi chini kwa miguu. Juu, karibu na jengo la zamani la watawa, udongo ni mwembamba na chokaa iko hapo hapo chini ya jembe. Katikati unaongezeka. Chini, kando ya barabara kuu iendayo Beaune, ni mfinyanzi mzito, na kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha, viatu vyangu vilitoka na kilo ya tope kila kimoja. Zabibu ni aina moja tu, Pinot noir nyekundu, kuanzia juu hadi chini. Jua ni lilelile, mvua ni ileile, sheria ni ileile, na lote lina daraja la juu kabisa. Jioni tulionjeshwa mvinyo wa juu na wa chini. Wa juu ulikuwa na harufu inayokufuata hata baada ya kumeza. Wa chini ulikuwa mnene, umejaa mdomoni, kisha kimya. Watengenezaji walikuwa wawili tofauti, kwa hiyo hata hapo kuna mkono wa mtu, lakini wenyeji hawabishani kuhusu hili. Inasimuliwa kwamba watawa walikuwa wakichachusha sehemu ya juu, ya kati na ya chini mbalimbali. Mimi naiamini hadithi hiyo, kwa sababu ndivyo ambavyo mtu mwenye akili angefanya.

Jambo hilo nakuomba ulishike. Jina ni moja, ukuta ni mmoja, lakini mvinyo si mmoja. Meneja wako anadhani jina la mahali linatosha. Wenye jina hilo kwa karne nyingi wanajua halitoshi.

Sasa, ardhi inafanyaje kazi? Huko Chablis, kaskazini mwa Burgundy, wanakuonyesha jiwe la shambani lenye magamba madogo ya chaza, kwa kuwa zamani sana palikuwa bahari, kisha wanakumiminia mvinyo na kukuambia unaonja bahari hiyo. Ni hadithi nzuri na mvinyo wao ni mzuri, mkali, msafi. Lakini mzabibu haunywi magamba. Na kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: karibu mizabibu yote ya Ufaransa imesimama juu ya mizizi yenye asili ya Marekani. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo anayekula mizizi aliingia kutoka huko akaangamiza mashamba yao, na dawa iliyofaa ilikuwa kuunganisha matawi ya Kifaransa juu ya mashina ya Kimarekani ambayo mdudu huyo hayawezi. Kwa hiyo kinachogusa hiyo ardhi tukufu ni mgeni. Hata hivyo Vouvray imebaki Vouvray.

Njia yenyewe ni maji. Mtafiti mmoja wa Bordeaux, Gérard Seguin, aliyachunguza mashamba mashuhuri ya Médoc, hukohuko Bordeaux, akitafuta kinachoyafanya yawe bora. Hakukuta kirutubisho fulani cha siri. Alichokuta ni kwamba ardhi yao inagawa maji kwa kiasi: mvua kubwa ikinyesha yanashuka upesi, na kiangazi kikishika mizizi iliyoenda chini bado inapata kidogo. Mzabibu unaobanwa kidogo wakati wa kuiva huacha kurefusha matawi, punje zinabaki ndogo, na sehemu ya ganda inakuwa kubwa zaidi ikilinganishwa na maji yake. Ukiongeza na joto, kwamba changarawe inapata moto upesi na mfinyanzi unabaki baridi, umemaliza sehemu kubwa ya hiyo siri. Hata Syrah, zabibu nyekundu, niliiona hivyo kule Tain kando ya mto Rhône: kilima cha Hermitage, chenye mteremko mkali unaotazama kusini, kinatoa mvinyo wa kuweka miaka, na mvinyo mwingi wa tambarare chini yake, wa zabibu hiyohiyo, unauzwa kwa jina la Crozes-Hermitage na bei ya chini.

Mwanangu, fikiria sisi. Tunamwagilia kwa matone, tunafungua koki shamba zima kwa pamoja, kipande cha juu chenye changarawe nyekundu na kile cha chini chenye udongo mweusi wa mbuga. Ikiwa ardhi inazungumza kwa maji, basi sisi wenyewe tumeiziba mdomo. Wafaransa kwa miaka mingi walikataza kumwagilia mizabibu inayozaa katika maeneo yenye majina, na siku hizi wanaruhusu kwa masharti. Dodoma hatuwezi kuacha, mizabibu ingekufa. Lakini tunaweza kugawa mabomba yawe ya sehemu mbili.

Bordeaux yenyewe sitakuchosha nayo. Lile daraja lao maarufu la mwaka 1855 lilipangwa na madalali kwa ajili ya maonyesho ya Paris, kwa kufuata bei ambazo kila jumba lilikuwa likipata sokoni, na linafuata jumba, si udongo. Jumba likinunua kipande cha jirani ndani ya eneo hilohilo, kipande kinaweza kupanda cheo. Kizuri chajiuza, lakini kule walianza na kuuza.

Palipokujibu wewe na meneja wako ni Châteauneuf-du-Pape, kusini, kwenye mawe ya mviringo makubwa kama viazi vitamu na upepo wa mistrali unaong'oa kofia. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia kila mfanyabiashara alikuwa akibandika jina la kijiji hicho kwenye mvinyo wowote. Wakulima wakaungana chini ya Baron Le Roy, mwanasheria aliyekuwa rubani vitani, na mwaka 1923 wakajiwekea kanuni. Eneo lilipangwa kwa ardhi kavu inayoweza kuotesha lavenda na zaatari. Zabibu zikatajwa aina. Kileo kisipungue asilimia 12.5, vishada vibovu vichambuliwe. Wakapambana mahakamani. Mfano huo ndio uliochangia sheria ya mwaka 1935 inayolinda majina ya mahali nchi nzima. (Kijiji hicho hicho, mwaka 1954, meya alitoa amri ya kupiga marufuku visahani vya angani kutua kwenye mashamba ya mizabibu. Hakuna kilichotua.)

Utaona kwamba jina halikutoka kwa meneja wa hoteli. Majirani walikaa, wakakatazana mambo, wakakubali kukaguana, ndipo jina likawa mali. Sisi hapa kijijini hatujakaa na mtu. Na unajua mwenyewe kwamba matangi yetu hayajazwi na zabibu zetu peke yake. Tunanunua mchuzi wa zabibu wa majirani, na baadhi yao nao wamekusanya kutoka vijiji vya mbali. Nikiandika jina la kijiji leo nitakuwa nimeandika jina la lori.

Basi mjibu meneja hivi: lebo itaendelea kusema Chenin na Dodoma, ambavyo vyote viwili ni kweli. Akitaka kitu cha pekee, mwambie mavuno ya Agosti tutatoa chupa chache za kipande cha juu, zabibu zetu tu, tangi lake peke yake, na atazionja kabla ya kununua. Kipande cha chini nacho kitachachushwa peke yake. Wewe na mjomba wako mtaonja yote mawili mkiwa hamjui lipi ni lipi, na msipoona tofauti tutayachanganya na habari itaishia hapo. Mkiiona, tutafanya hivyo mavuno mengine, na mengine tena. Sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka, tuna nafasi ya kujua upesi kuliko watawa. Wakati huo nitakuwa nimeshazungumza na majirani wa pande zote mbili kuhusu nani yuko tayari kuacha kuchanganya.

Halafu jambo la kuvuna. Kule Ufaransa miaka ya baridi wanaongeza sukari kabla ya kuchachusha, tangu enzi za Chaptal, waziri wa Napoleon, na wanaona ni kawaida. Sisi sukari tunayo tele, asidi ndiyo hukimbia. Kwa hiyo Agosti hatutangoja kipimo cha sukari peke yake. Tutapima asidi kila asubuhi kipande kwa kipande, na kitakachokuwa tayari kwanza kitachumwa kabla jua halijapanda, hata kama ni Jumapili na padri atanung'unika.

Kipimo chetu cha pH, kile cha kupimia ukali wa asidi, hakishiki tena. Ulizia huko Arusha kwenye maduka ya vifaa vya maabara, kile cha kuingiza kwenye kikombe, pamoja na chupa zake za kukirekebishia. Kitume kwa basi kabla ya mwisho wa Julai, na risiti uiambatishe, baba yako atakurudishia hela kwa simu.

Mama yako