Mtaro unafurika, ofisi zinarushiana mpira: tuanzie wapi?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa, Kata ya Tandale, Dar es Salaam. Kila masika mtaro wetu unafurika na maji yanaingia majumbani. Tukienda ofisi moja tunaambiwa mtaro ni wa barabara, nyingine inasema ni wa mto, ya tatu inasema tatizo ni taka zetu wenyewe. Nani hasa anahusika, na sisi mtaani tunapaswa kufanya nini?

JIBU: Inawezekana wote watatu wamewaambia kweli. Maji yale yale, ndani ya nusu kilomita, hupita kwenye mamlaka tofauti. Barua inayosema tu "mtaro umeziba" itazunguka mezani hadi mvua ziishe. Inayosema umeziba wapi, kwa kitu gani na kwa urefu gani, humpata mwenyewe.

Ufuateni mtaro kwa miguu, kuanzia maji yanakotoka hadi yanakomwagika, na muugawe vipande. Kipande kinachofuata barabara ya mtaani ni cha TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) pamoja na makalvati yake, yaani mabomba yanayopitisha maji chini ya barabara. Kikiwa pembeni ya barabara kuu kama Morogoro au Mandela, ni cha TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Mfereji unaopenya katikati ya nyumba, na taka ngumu popote zilipo, vipelekeni Manispaa ya Kinondoni. Mto wenyewe, uwe Ng'ombe au Msimbazi, uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, kwa hiyo msiuchimbe wala kuuhamisha bila kibali chao. Anayejenga ukingoni anagusa kifungu cha 57 cha Sheria ya Mazingira ya 2004, kinachozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Hilo lifike manispaa na NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Halafu pimeni, maana hapa ndipo malalamiko mengi hufia. Chukueni eneo la hekta 10 linalomwaga maji kwenye kalvati moja. Mvua ya milimita 50 ndani ya saa moja huleta mita za ujazo 5,000. Pale penye mabati na sakafu kila mahali, tuseme asilimia 70 inatiririka: 3,500. Kalvati yenye kipenyo cha milimita 600, ikijaa na maji yakienda mita 1.5 kwa sekunde, hupitisha kama 1,500 kwa saa. Hata ikiwa safi kabisa itafurika, na mchanga ukifika nusu ya kina chake, hupitisha chini ya 750. Ya milimita 900 ingekaribia kutosha. Mkiwa na hesabu hiyo mnajua kama mnaomba usafi au ujenzi. Hayo ni maombi mawili yenye mafungu tofauti.

Usafi nao una ufundi wake. Anzeni chini, kwenye mdomo wa mtaro, mkipanda juu. Mkianzia juu mnasukuma tope lote likazibe kalvati ya mwisho. Kosa lingine ni kurundika mchanga ukingoni: mvua ya kwanza inaurudisha. Mtaro wa mita 300, upana mita 1, wenye mchanga wa sentimita 40, unatoa mita za ujazo 120, yaani safari kama 17 za tipa linalobeba 7. Nguvu kazi mtaa unaweza kuipata, lakini tipa ni la kuombwa manispaa wiki kadhaa kabla, liwepo siku hiyo hiyo. Na kuna jambo ambalo hakuna wizara itakayoliona kwa niaba yenu: wanaotapisha vyoo, yaani kufungulia kinyesi kiende na maji mvua ikinyesha. Hao wanajulikana kwa mjumbe wa shina.

Ujenzi hufuata kalenda ya fedha. Mwaka wa serikali huanza Julai 1, ilhali masika ni Machi hadi Mei. Ombi la Aprili, maji yakiwa magotini, linakuta mafungu yameshagawanywa. Lipitisheni kwenye mkutano mkuu wa mtaa, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, likiwa na vipimo na picha, kabla ya Novemba kwisha. Diwani alibebe kutoka hapo.

Dharura ina mlango wake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa, wilaya, hadi kata na mtaa. TMA, mamlaka ya hali ya hewa, wakitoa tahadhari ya mvua kubwa, kamati ya mtaa isisubiri simu kutoka juu: iwe tayari na orodha ya nyumba zenye wazee, wagonjwa na watoto wachanga, jengo lililokubaliwa la kuhamia, na mtu wa kuangalia alama ya kina iliyochorwa kwa rangi ukutani mwa kalvati. Maji yakifika alama, watu wanahama. Zimamoto ni 114.

Mwisho, mkiomba kalvati kubwa zaidi, itisheni kwanza kikao na mtaa ulio chini yenu. Maji mtakayoyafungulia yatafika kwao haraka na kwa wingi, na kama kalvati yao bado ni ya 600, mafuriko yatakuwa yamehama nyumba tu. Ombi liwe la mitaa yote miwili, lenye saini za wenyeviti wote wawili, na ujenzi uanzie kwao.