Nimeoa Tena: Je, Wosia Wangu wa Zamani Bado Una Nguvu?

SWALI: Mshauri wetu, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Voi. Mwaka 2012 niliandika wosia na kuutia sahihi mbele ya mashahidi wawili. Mke wangu alifariki mwaka 2016, na mwaka 2019 nilifunga ndoa kanisani na mwenzangu wa sasa, aliyekuja na mtoto wa kiume ambaye nimemlea na kumsomesha kama wangu. Mwaka jana ndugu yangu niliyemteua kuwa wasii, yaani msimamizi wa kutekeleza wosia, naye alifariki, nikalikata jina lake kwa kalamu na kuandika pembeni jina la binti yangu mkubwa. Je, hayo yanatosha?

JIBU: Mwalimu, pole sana kwa misiba hiyo. Hayatoshi, na nakusihi usilichukulie jambo hili kuwa la kusubiri. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inasema kwamba ndoa huufuta wosia ulioandikwa kabla yake, isipokuwa wosia huo uwe umeeleza kwamba unaandikwa kwa kutazamia ndoa na mtu fulani aliyetajwa. Kwa kuwa mwaka 2012 mke wako wa kwanza alikuwa hai, bila shaka hukuandika maneno ya namna hiyo. Kwa hiyo tangu siku ile ya kanisani umekuwa mtu asiye na wosia, ingawa karatasi bado umeihifadhi.

Ukifariki katika hali hiyo, mke wako atapata vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, lakini shamba na nyumba atakuwa na haki ya kuvitumia tu maishani mwake, na hataweza kuuza ardhi bila idhini ya mahakama, huku watoto wakisubiri zamu yao. Anayenitia wasiwasi zaidi ni huyo kijana uliyemlea. Sheria humhesabu kuwa mtoto wako ikiwa ulimkubali kama mwanao, ila nduguze wakimkana, yeye ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha, na wewe hutakuwepo kumsemea. Mtaje kwa jina, na useme kwamba ni mwanao.

Kuhusu jina ulilolikata, hata kama wosia ungekuwa hai, badiliko hilo lisingekuwa na nguvu, kwa sababu badiliko lolote linalofanywa baada ya wosia kutiwa sahihi linahitaji sahihi yako na ya mashahidi wawili karibu na mahali palipobadilishwa. Mimi sipendi marekebisho ya pembeni hata yakiwa halali, kwani huzua maswali ya nani aliandika na lini. Andika wosia mpya mzima, useme kwamba unafuta nyosia zote za awali, na mashahidi wasiwe watu unaowaachia chochote wala wenzi wao wa ndoa, maana zawadi ya shahidi hubatilika wasipokuwepo mashahidi wengine wawili wasio na maslahi. Usimwache nje mke wala mtoto ukidhani wosia utamfunga mdomo: mahakama ina uwezo wa kumtengea fungu mtegemezi aliyesahauliwa. (Wasomaji Waislamu huongozwa na sheria ya dini yao, ambayo huruhusu kuusia theluthi tu ya mali, tena kwa wasiokuwa warithi.)

Hukuuliza kuhusu sacco, lakini walimu wengi wana akiba huko. Fomu uliyojaza ulipojiunga, ukimtaja wa kupokea akiba yako, haibadilishwi na wosia, na mara nyingi mahakama zimeamua kwamba fedha hizo hazimo katika mirathi. Kama bado ina jina la marehemu, ibadilishe wiki hii, kisha uikague na ile ya pensheni. Wosia mpya ukishatiwa sahihi, uchane ule wa zamani pamoja na nakala zake zote, na umwonyeshe binti yako mahali ulipouweka mpya.