Raga haitapata watoto kwa kuwasubiri

Ukiwa kocha wa raga ya vijana, mpinzani wako wa kwanza si timu mtakayokutana nayo Jumamosi. Ni uwanja wa jirani. Huko watoto wanafukuzia mpira wa soka au, kulingana na nchi uliyopo, wanacheza raga ya ligi (aina nyingine ya raga, yenye wachezaji 13, nitakayoiita ligi tu), kandanda ya Kiaustralia, ya Kimarekani au ya Kigaeli ya huko Ireland. Michezo yote hiyo inagombea watoto wale wale, wazazi wale wale na jioni zile zile za wiki. Nimefundisha raga ya wachezaji 15 kwa miaka mingi, na kinyang'anyiro hicho kimenichukulia muda zaidi kuliko skramu, ambapo makundi mawili husukumana kugombea mpira, na lainauti, ambapo mpira uliotoka nje hurushwa ndani, zikijumlishwa. Naandika kwa wenzangu wanaojitolea kwenye klabu ndogo, wanaoona orodha ya wachezaji ikifupika kila msimu huku wakiambiwa wavumilie, timu ya taifa ikishinda mambo yatanyooka.

Hayatanyooka kwa njia hiyo, na anayetaka ushahidi atazame Australia. Sijui nchi nyingine ambako raga imebanwa na mipira mingine kwa kiasi kile. Soka ina watoto wengi mno. Kandanda ya Kiaustralia, yenye wachezaji 18 kila upande na kanuni zilizoandikwa Melbourne mwaka 1859, imeshika kusini na magharibi. Raga ya ligi imeshika Sydney na Queensland. Mgawanyiko huo ni wa wazi kiasi kwamba mwaka 1978 mwanahistoria Ian Turner alichora mpaka wa kufikirika unaoikata nchi vipande viwili, akaupa jina la Ron Barassi, gwiji wa kandanda ya Kiaustralia huko Melbourne. Raga ya wachezaji 15 iko upande mmoja na ligi, na hata huko kwa muda mrefu imetegemea zaidi shule za kulipia.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Ligi ilizaliwa Uingereza, mjini Huddersfield, Agosti 1895, pale klabu za kaskazini zilipojitenga kwa sababu wachezaji wao walikuwa vibarua wa viwandani na migodini. Walitaka wafidiwe mshahara waliokosa siku ya mechi, na wakubwa wa raga wakakataa. Sydney ikafuata mwaka 1907, nyota Dally Messenger akahamia ligi, na mwaka 1909 wachezaji wengi wa timu ya taifa ya raga wakamfuata. Mchezo uliokuwa wa mji mzima ukawahamia waliokuwa tayari kumjali mchezaji wa kipato kidogo. Raga iliendelea kujiita ya ridhaa hadi Agosti 1995, karne nzima baadaye, na kufikia hapo ligi ilishakuwa mali ya mitaa na koo, inayorithishwa kutoka baba hadi mtoto.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wa raga hatupendi kulitaja. Klabu zile za kaskazini ziliishi kwa viingilio vya mlangoni, kwa hiyo zililazimika kumfikiria mtazamaji. Ziliondoa lainauti mapema, na mwaka 1906 zikapunguza wachezaji hadi 13. Leo anayekabwa kwenye ligi, yaani anayeshikwa na kuangushwa akiwa na mpira, anasimama, anauviringisha mpira nyuma kwa mguu, na timu ikikabwa mara sita inauachia. Mtu ambaye hajawahi kuuona mchezo huo anauelewa kabla ya mapumziko. Kwetu, mwamuzi hupuliza kipenga kwenye rundo la miili na nusu ya waliokaa kando ya uwanja hawajui kosa ni la nani. Raga imejirekebisha: trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani, ikawa pointi tano mwaka 1992, kanuni ya 50:22, inayoizawadia timu kwa mkwaju mrefu kutoka nusu yake, ikaja mwaka 2021, na miaka ya karibuni muda wa kuandaa skramu na wa kupiga mikwaju ya langoni umebanwa. Nayaunga mkono yote hayo. Lakini mzazi aliyekuja kwa mara ya kwanza bado anahitaji mtu wa kumweleza anachokiona.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hauhusu mazoezi hata kidogo. Kila siku ya mechi, weka mtu mmoja mcheshi kando ya uwanja, asiye na kazi nyingine yoyote ila kukaa na wazazi wageni. Asiwafundishe kanuni zote. Awaambie kwa nini mpira hurushwa nyuma, kwa nini mwamuzi kanyoosha mkono upande ule, na mtoto wao amefanya nini kizuri ambacho hawakukiona. Katika soka goli linaonekana na kila mtu. Katika raga kijana anaweza kucheza mechi ya maisha yake akiwa chini ya watu sita, na mama yake akarudi nyumbani akidhani hakugusa mpira. Nimeona wazazi wakibaki kwa sababu tu ya mtu huyo wa kuelezea, na sijapata mbinu nyingine ya bei nafuu kama hiyo.

Turudi Australia kidogo, kwa sababu hapo ndipo kosa kubwa linapoonekana. Mwaka 2003 waliandaa Kombe la Dunia la raga. Fainali ilijaza uwanja wa Olimpiki wa Sydney kwa zaidi ya watu 82,000, na Uingereza ikashinda 20 kwa 17 kwa mkwaju wa Jonny Wilkinson katika muda wa nyongeza. Kulikuwa na trai mbili tu siku ile, moja ya Lote Tuqiri na moja ya Jason Robinson, na wote wawili walikuwa wamepata umaarufu wao katika ligi. Tuqiri, Wendell Sailor na Mat Rogers walikuwa wamevutwa kutoka ligi kwa mikataba minono. Baadaye akaja Israel Folau, aliyepitia ligi na kandanda ya Kiaustralia kabla ya kuingia raga mwaka 2013. Walikuwa wachezaji wa ajabu na nilifurahi kuwatazama. Ila kumnunua mtu aliyelelewa na jirani hakukuongezei mtoto hata mmoja kwenye uwanja wako wa mazoezi.

Wakati huo huo mechi za kila wiki za klabu za kulipwa zilikuwa zikionyeshwa kwenye televisheni ya malipo tangu mwaka 1996, ilhali ligi na kandanda ya Kiaustralia ziliendelea kuonekana bure sebuleni. Mashindano mapya ya ndani ya nchi yaliyoanzishwa mwaka 2007 yalidumu msimu mmoja tu, gharama zikayaua. Mwaka 2017 timu ya Western Force ya Perth iliondolewa kwenye mashindano makubwa ya klabu za kulipwa, na mwaka 2024 Melbourne Rebels ikafungwa kwa madeni. Katikati ya hayo, Kombe la Dunia la 2023, Australia ilitolewa hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Upande wa pili, kandanda ya Kiaustralia iliihamishia klabu ya South Melbourne mjini Sydney mwaka 1982, katikati ya ngome ya raga, ikavumilia miaka mingi migumu, na mwaka 2012 ikaongeza timu ya pili magharibi mwa mji. Chini yake kulikuwa na mpango wa watoto wadogo wenye mpira mwepesi na kanuni chache. Wale walipanda. Sisi tulikuwa tunavuna shamba la mwingine.

Basi klabu ndogo ifanye nini? Anza na raga ya kugusa, isiyo na kukaba. Sizungumzii kuifanya kionjo cha wiki moja kabla ya kuingia kwenye mchezo wenyewe. Iwe na ratiba yake ya kudumu, na mtoto anayetaka kubaki hapo hadi akue abaki, bila kuulizwa lini atajiunga na wenzake. Wavulana na wasichana hucheza pamoja, mzazi anaweza kuingia uwanjani, na kijana wa soka mwenye kasi hugundua kwamba anaweza kumpita mtu akiwa na mpira mikononi. Wengi huomba wenyewe kufundishwa kukaba. Ukiwasukuma, wanarudi kwenye soka.

Kuhusu hofu ya wazazi, usiikwepe wala usiidharau. Watakuuliza juu ya kichwa. Waambie wazi kwamba raga ni mchezo wa kugongana na kwamba mtikisiko wa ubongo hutokea. Kisha waambie utaratibu wenu: mchezaji anayeshukiwa tu anatoka, harudi uwanjani siku hiyo hata akisema yuko sawa, na kurejea kwake ni kwa hatua. Wakushuhudie ukimtoa mchezaji wako bora dakika za mwisho za mechi mnayoongoza kwa pointi mbili. Hakuna hotuba inayojenga imani kama hiyo. Na ufundishe kukaba chini ya kifua kwa subira, mtoto akiwa amepiga magoti kwanza, kabla ya mtoto kukutana na mwenzake anayekimbia. Hapa sina msamaha kwa kocha anayeharakisha.

Ushauri unaowakera baadhi ya wenzangu ni huu: acheni kumlazimisha mtoto achague. Kijana wa miaka 12 anayecheza soka na raga si msaliti. Joseph-Aukuso Sua'ali'i alikulia kwenye raga na ligi pamoja, akaibukia kwenye ligi ya kulipwa, na Novemba 2024 akavaa jezi ya Australia kwa mara ya kwanza katika ushindi wa 42 kwa 37 dhidi ya Uingereza huko Twickenham. Klabu iliyomlea haikupoteza chochote kwa yeye kucheza kwingine. Kaa na makocha wa mipira mingine kabla ya msimu, mlinganishe ratiba, mpeane viwanja. Wao pia wana watoto wazito, warefu au wakimya ambao hawapati nafasi, na raga ina kazi kwa kila umbo. Nimepokea wachezaji wangu wazuri kabisa kutoka kwa makocha wa soka waliokuja wenyewe kuniambia, huyu atakufaa wewe kuliko mimi.

Jinsi ya kuwapata wasichana ni makala nzima, lakini kwa kifupi: wape saa nzuri ya mazoezi na kocha anayejua, wasiwe wanapewa uwanja wakati taa zinakaribia kuzimwa.

Ni kweli matukio makubwa yanasaidia. Mwaka 2025, Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, walijaza zaidi ya watu 90,000 kwenye uwanja wa Melbourne, makao makuu ya kandanda ya Kiaustralia, na niliona fahari. Kombe la Dunia la wanaume litachezwa Australia mwaka 2027, la wanawake hapo hapo mwaka 2029, na la wanaume la 2031 litakwenda Marekani, nchi ambayo raga bado ni mgeni. Popote ulipo, kutakuwa na mtoto atakayeona trai moja kwenye simu ya mzazi wake na kuuliza anaweza kucheza wapi. Shauku hiyo hudumu siku chache. Kwa hiyo kabla mashindano hayajaanza, hakikisha kuna nambari ya simu inayopokelewa, kikao cha raga ya kugusa ndani ya wiki hiyo hiyo, mipira ya saizi ya watoto, na mtu mzima aliyeandaliwa kuwapokea wageni kwa majina yao. Kama mna nafasi ya kocha mmoja tu wa ziada mwakani, mweke kwenye kundi la wadogo kabisa, na awe aliye bora kuliko wote mlionao.