Je, mdudu "humeng'enya" homoni?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kwenye makala yangu ya sayansi niliandika: "Akishajiambua, mdudu humeng'enya homoni iliyomfanya ajiambue." Mhariri amefuta "humeng'enya", akaweka "homoni huvunjika". Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Mhariri amefanya vyema kufuta, ila alichoweka nacho kina kasoro.

Najua kilichokuponza. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini, na kimeng'enya kimetokana na kumeng'enya, basi ukaona mtoto hamkani mzazi. Lakini kumeng'enya ni kwa chakula tumboni. Jina la kimeng'enya ndilo lililotanuka, likabeba hata visivyomeng'enya chochote, kama hivi vya homoni.

Na "huvunjika"? Kikombe huvunjika, wala hatuulizi nani kakivunja. Kauli ya kutendeka humficha mtendaji, na hapa mtendaji yupo. Angalau angesema "huvunjwa". Hata hicho nakisita. Homoni yenyewe, ekdisoni, ni steroidi, yaani molekuli yenye kiini cha pete 4 za kaboni zilizoungana, na katika njia kuu anazotumia mdudu pete hizo hubaki nzima. Kinachoguswa ni pembeni: mkia wake hutiwa oksijeni hadi ukawa asidi, au molekuli hupachikwa kitu kingine, mathalani fosfeti, isiweze tena kukaa kwenye kipokezi chake. Ni ufunguo uliogandishwa nta. Haujavunjika, ila hauingii.

Mimi ningesema "huzima". Kilichozimwa huweza kuwashwa, na ndivyo ilivyo kwenye yai la nondo wa hariri: homoni aliyoiacha mama imo humo, imefungwa kwa fosfeti, na kiinitete kinapokua kimeng'enya kingine huing'oa fosfeti hiyo, homoni ikaamka. Iliyogeuzwa asidi hairudi tena. Hiyo sema "huharibiwa", sitakugombeza.

Kuna jingine ambalo mhariri wako hakuliona. "Akishajiambua" imepindua mambo. Homoni hupanda kwanza, gamba jipya likatengenezwa chini ya lile kuukuu, kisha sharti ishuke ndipo mdudu achomoke. Andika hivi: "Kabla ya kujiambua, mdudu huzima homoni iliyomwandaa kujiambua."