Fresha mwenye wazo la biashara ya mazingira, soma hii kabla hujachanga boom

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza karibuni, poleni na foleni za usajili na kuhangaika kutafuta geto. Mi niko mwaka wa tatu, nasoma mambo ya biashara hapa Dar, chuo sitakitaja maana kuna lekchara nitamgusa kidogo huko mbele. Kila mwaka boom la kwanza (ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo) likiingia tu naanza kufuatwa pale vimbweta, vile viti vya zege vya kusomea, na madogo wawili watatu wana wazo, na mawazo mengi yana neno mazingira ndani yake, mkaa mbadala, chupa za plastiki, mbolea ya mabaki ya sokoni, na kila mmoja anataka nimsomee andiko lake la biashara. Nimechoka kurudia maneno yaleyale so nayaweka hapa yote, mwenye kusoma asome.

Sisi tulianza mwaka wa pili, mi na washkaji wawili. Kilichotuwasha ni ziara ya kozi ya mazingira, tulipelekwa Kisarawe kwenye msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, msitu uko puani kabisa pa jiji na kwa miaka mingi umekatwa kwa ajili ya mkaa wa hukuhuku kwetu. Tukaoneshwa visiki na sehemu zilizokua matanuri, yale maduara meusi. Tukarudi kwenye basi kimya, tumenuna, tumeshuka getini moja kwa moja kwa mama lishe kula wali maharage, maharage yamechemka masaa matatu juu ya mkaa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeiona hiyo kitu. Mi nimekuja kuiona mwaka mzima baadae.

Wazo lenyewe halikua baya. Ukienda soko lolote la Dar unakuta vijana wa mashine za kukuna nazi, na pembeni yao kuna lundo la vifuu hawajui wavipeleke wapi. Kifuu ni kigumu kuliko mbao nyingi, kinatoa mkaa mzuri sana. Unajaza pipa la lita 200, unawasha, moto ukikolea unabana hewa ili viungue bila kuwa majivu, ukifungua mapema vinawaka vyote unabaki na majivu ya kupakia kwenye bustani. Vikipoa unaponda, unachekecha, unachanganya na uji wa muhogo uwe gundi, unashindilia kwenye mashine ya mkono, unaanika siku tatu nne kama jua lipo. Jua lisipokuwepo sasa hapo ndo utajua kwanini wenzako wanaiogopa masika.

Tukaandika andiko, tukapata 27 kwa 30, lekchara akasema darasa zima lije lione. Slaidi ya kwanza ilikua kisiki, ya pili ardhi iliyopasuka kwa ukame, ya tatu mtoto kabeba kuni kichwani. Mteja alitokea slaidi ya 11 na hata huyo picha yake tuliitoa gugo. Lekchara hakuuliza mteja ni nani, na sisi hatukujiuliza, tukapigiwa makofi tukatoka kifua mbele. Tukachanga 70,000 kila mtu kutoka kwenye boom, jumla 210,000, nusu ikaishia kwenye mashine ya kushindilia tuliyochomelewa mtaani.

Mzigo wa kwanza tukaupeleka kwa yule yule mama wa getini. Tumevaa tisheti nyeupe, shikamoo mama, marahaba wanangu, tukaanza kumwagika, mama huu mkaa unaokoa misitu, hatukati mti hata mmoja, mabadiliko ya tabianchi, mpaka sijui nini. Mama akasikiliza huku anapepeta mchele, kamaliza akauliza kitu kimoja tu: "Unawaka saa ngapi?" Hatukuelewa. Akasema mimi saa kumi na moja alfajiri nataka chai ichemke, wenye daladala hawanisubiri, sasa huo wenu nikiwasha unashika baada ya muda gani?

Tulikua hatujawahi kupima. Yani watu watatu wa chuo kikuu, GPA zimesimama, hatujawahi kuwasha bidhaa yetu wenyewe na kuangalia saa. Akachukua kilo tano kwa huruma, kesho yake akaturudishia kilo nne na kidogo kwenye ndoo, kasema umemkalia kama mawe mpaka chai kachemshia kwa jirani. Mkaa wetu ulikua haujakauka ndani, na mwenzetu mmoja alikua kaongeza udongo ili uzito upande (alikiri baadae sana), so hata ulipowaka ulijaa majivu. Aibu ile mpaka leo nikipita pale naangalia chini kidogo.

Ila ndo siku biashara yetu ilipoanza kweli, ile ya makofi siihesabu. Mama alitufundisha bure kitu ambacho kozi nzima ya ujasiriamali haikutufundisha. Akasema huu wenu ukishashika hauishi upesi, si wa chai huu, huu ni wa maharage na makongoro. Weka mkaa wa kawaida kidogo chini uwashie, huu juu yake, injika sufuria nenda kafagie. Tukajaribu mbele yake na saa mkononi. Sufuria ya maharage iliiva bila kuongezea mkaa, wakati kwa mkaa wake wa kawaida huwa anaongezea mara mbili. Kuanzia hapo akawa anachukua, na hajawahi hata siku moja kuniuliza habari za misitu. Anachonunua ni kutokusimama kwenda kuongeza mkaa huku ana wateja kumi mezani. Msitu wa Pugu ukipona kidogo kwa sababu yake ni heri, ila yeye hajatoa hela kwa ajili ya hiyo, na wewe usijenge biashara ukitegemea atatoa.

Haya tuje kwenye hesabu maana hapa ndo wengi mnaumia. Kwenye andiko tuliandika vifuu bure, gharama ni unga wa muhogo na vitu vya kuwashia tu, 14,000 kwa mzigo wa kilo 80, ukiuza kilo 1,000 unapata 80,000, faida 66,000 kwa wiki. Nilipiga hesabu ya mwaka nikaanza kuangalia bei za pikipiki. Sasa vile vifuu vilikua bure wiki ya kwanza na ya pili tu. Wiki ya tatu vijana wa mashine walipoona tunakuja na guta wakauliza kumbe mnavifanyia nini, kiroba kikawa 1,000, na wana haki, hata mimi ningefanya hivyo. Viroba 20 hiyo ni 20,000. Guta 12,000. Unga wa muhogo 11,000. Kuni za kuwashia pipa na maji 3,000. Bodaboda wa kusambaza 10,000. Mifuko 5,000. Jumla 61,000, imebaki 19,000, gawanya kwa watatu ni kama 6,300 kila mtu kwa wiki nzima ya kupaliwa na vumbi. Na hapo hujahesabu muda wako, hujahesabu mashine ikivunjika. So ukiwa unaandika chochote unachokiita bure jiulize kitakua bure mpaka lini, taka zikishapata mnunuzi zinaacha kuitwa taka siku hiyohiyo, ukiona wale wanaookota chupa za plastiki asubuhi na mapema utaelewa.

Kuna jambo jingine naliongea kwa unyonge. Pipa la kuchomea vifuu linatoa moshi, tena lile saa la kwanza moshi mzito wa njano unaowasha macho. Sisi waokoa mazingira tulikua tunachomea nyuma ya nyumba tuliyopanga, nguo za majirani kwenye kamba zote zinanuka, mtoto wa chumba cha mbele anakohoa, mpaka mjumbe akatuita na kutuuliza kwa upole kama tunapika gongo. Tulijitetea kwa maneno ya darasani, uendelevu na nini, akatusikiliza akasema wanangu mimi nasikia moshi tu. Tukahama, sasa hivi tunachomea kwenye uwanja huko mbali na nyumba za watu, na ndo maana guta inakula hela nyingi hivyo. Usafi wa biashara yako anaujua jirani, slaidi haijui.

Na tuliandika kwenye mfuko HAUNA MOSHI kwa herufi kubwa. Kweli ukikauka vizuri moshi hauonekani. Siku moja mteja dada mmoja wa hosteli za nje akaniambia kwa furaha kwamba kumbe ule mkaa naweza kupikia chumbani nimefunga dirisha, nikahisi tumbo linashuka. Jamani mkaa wowote ukiungua unatoa kaboni monoksidi, hiyo hewa haionekani wala hainuki, inaua watu wamelala. Jioni hiyohiyo tulitoa ile mifuko yote tukaandika upya, PIKIA NJE AU PENYE HEWA. Mmoja wetu alilalamika kwamba itapunguza mauzo, tukagombana kweli, na mimi mpaka leo naona ule ugomvi ndo kitu kizuri kuliko vyote tulivyofanya kwenye hii biashara.

Mtandaoni sina mengi. Tulifungua peji ya Instagram tukapata laiki nyingi za wanachuo wenzetu ambao wote wanapikia gesi au wanakula kwa mama. Oda zimetoka WhatsApp status na kwa mtu kumwambia mtu. Na acheni mchezo wa bei njoo inbox, mtu anataka kujua kilo shilingi ngapi na utamfikishia saa ngapi, andika. Hela ya biashara ipite kwenye Lipa Namba yake peke yake, sisi tulikua tunapokelea kwenye laini yangu ile ile ninayonunulia bando, mwisho wa mwezi hakuna anayejua chipsi zilikua za nani. TIN, yani namba ya mlipa kodi, hulipii kuipata, kaichukueni mapema, na mauzo yako yakiwa chini ya milioni 4 kwa mwaka hudaiwi kodi ya mapato kwa hiyo msiogope kujulikana. Ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, yani 4 wanawake 4 vijana 2 wenye ulemavu, ipo na haina riba, ila kwa vijana kama sisi ni ya vikundi, na kikundi kilichoungana juzi kwa ajili ya mkopo huwa kinagawanyika kesho mkopo ukitoka. Fanyeni kazi pamoja kwanza.

Shule sasa. Nilipata sapu ya takwimu, yani nilifeli nikatakiwa kurudia mtihani. Nilikosa testi kwa sababu mvua ilikua inakuja na kilo 60 ziko juani, nikachagua kwenda kuanua mkaa. Sikudisko, yani sikufukuzwa chuo, lakini nilikaa likizo nzima napiga msuli wakati wenzangu wako kwao, na mama yangu mzazi nikamdanganya kwamba niko fildi, hapo sijivunii. Toka siku hiyo tuna sheria, wiki mbili kabla ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, pipa haliwashwi hata mama wa getini akilia. Tulimwambia mapema, akasema sawa, atanunua kwingine kisha atarudi, na akarudi. Kumbe mteja ukimwambia ukweli mapema anakuvumilia, mi nilikua nadhani ukimkosa siku moja umempoteza.

Mmoja wetu aliondoka, yule wa udongo. Hatukua tumeandikiana popote, alivyodai chake hatukujua chake ni ngapi, mashine ilinunuliwa kwa hela za wote, ukiikata vipande vitatu haishindilii. Tukamlipa 50,000 kwa awamu, urafiki umebaki wa mambo vipi poa. Andikianeni, hata kwenye karatasi ya daftari, kabla hela haijaingia maana ikishaingia kuandikiana kunaonekana kama kutoaminiana.

Halafu angalieni sheria inaelekea wapi. Wakubwa mnakumbuka mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, waliokua na stoo imejaa rambo waliumia na waliokua na cherehani wakaanza kushona ya kitambaa. Kwenye nishati serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034. STAMICO, shirika la madini la taifa, nao wanatengeneza mkaa mbadala kwa kutumia makaa ya mawe, sisi na pipa letu hatushindani nao kwa wingi. Mama wa getini siku hizi ana mtungi wa gesi, chai ya alfajiri anachemshia gesi, maharage anarudi kwenye jiko la mkaa kwa sababu anasema gesi kwa maharage ni kuunguza hela. So soko letu sisi ni yale maharage tu, na siku akipata jiko la umeme la presha linaloivisha kwa bei ya chini kuliko kilo yangu moja ya mkaa, ataniacha na nitamuelewa. Nimeshaanza kuangalia yale makumbi ya madafu yanayorundikana barabarani yanaweza kufaa kwenye vitalu vya miche, sijapima bado, safari hii napima kwanza.

Jumamosi hii tunachoma mapipa mawili, mwenye kutaka kuja kuona aje saa moja asubuhi tukutane getini kwa mama, chai juu yangu. Msije na raba nyeupe.